Karanga kwa mbwa: hatari iko kwenye ukungu

Huko Opala, kandokando ya mto Lomami, mbwa si pambo la lupango. Ndiye anaingia porini pamoja na muwindaji, kengele ya mti shingoni. Nyama ikipatikana, nyumba nzima inakula. Basi tuulize: karanga tunazomtupia, zinamfaa?

Ndiyo, lakini kidogo tu. Punje chache, bila maganda, bila chumvi. Zikizidi, mafuta yake yanamuharibia tumbo.

Hatari yenyewe iko kwa zile mbovu. Kwetu huku mvua ni nyingi, na karanga isiyokauka vizuri inashika ukungu ndani ya mfuko. Tunachambua, nzuri zinaenda sokoni, mbaya anapewa mbwa. Kumbe ukungu ule unaweza kutoa sumu, aflatoksini, inayoharibu maini. Hata kukaanga hakuimalizi. Mwaka 1960, kule Uingereza, batamzinga wapatao 100 000 walikufa kwa kulishwa unga wa karanga wenye sumu hiyo.

Mbwa akikataa chakula, akitapika, macho yakigeuka manjano, tusingojee kesho: tumtafute munganga wa nyama.

Dawa nzuri ni jua. Tuanike karanga juu ya turubai, si chini kwenye udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie punje inalia ndani. Zenye ukungu tuzifukie shimoni. Na kwenye mwambe pia tusizitie: maini ya watoto wetu hayaishindi sumu hiyo.