Mtihani kwa Kompyuta: Ni Nani Anayesahihisha?



Mwaka huu wengi wenu mmefanya mazoezi ya maswali katika chumba chetu cha kompyuta, na baadhi yenu mmetuuliza: "Hivi kompyuta inajuaje kwamba nimekosa?" Swali hili ni zuri, na tumeona ni vyema tulijibu hapa ili wote wafaidike. Jibu fupi ni kwamba kompyuta haijui. Anayejua ni yule aliyeiandikia majibu. Tukilielewa jambo hili vizuri, tutajua lini tuikubali alama inayotupa, na lini tumwendee mwalimu kumuuliza.

Jambo hili lilianzia wapi?

Fikra ya kutahini kwa mashine si ya jana. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, mtaalamu wa elimunafsi aitwaye Sidney Pressey alitengeneza mashine ndogo yenye vitufe vinne. Mwanafunzi alisoma swali, akabonyeza kitufe cha jibu alilolichagua, na mashine ikahesabu aliyoyapata. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa 805, ambayo ilisahihisha karatasi zilizojazwa kwa penseli. Weusi wa penseli hupitisha umeme, na karatasi tupu haipitishi. Kwa njia hiyo mashine ilitambua mahali mwanafunzi alipoweka alama. Fikra hiyo ilitoka kwa mwalimu wa sekondari, Reynold Johnson. Kisha mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha mfumo wa PLATO, ambapo mwanafunzi alisomeshwa na kuulizwa maswali na kompyuta yenyewe.

Siku hizi programu za kazi hii ni nyingi. Sisi tutataja mbili tu, ambazo zinapatikana bure. Ya kwanza ni Hot Potatoes, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada. Kwa programu hii mwalimu hutunga maswali ya kuchagua jibu, ya kujaza nafasi, ya kuoanisha, ya kupanga maneno yawe sentensi, na hata mafumbo ya maneno. Mazoezi yake hufunguka bila ya intaneti. Ya pili ni Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Hii hukaa kwenye kompyuta kuu, yaani seva, na wanafunzi huingia kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri.

Tofauti ya hizi mbili ni kubwa. Katika Hot Potatoes, majibu yamo ndani ya ukurasa uleule anaoufungua mwanafunzi, na mjuzi wa kompyuta anaweza kuyachimbua. Kwa hiyo inafaa kwa mazoezi, haifai kwa mtihani. Katika Moodle, majibu hubaki kwenye seva, na mwanafunzi huonyeshwa pale tu mwalimu anaporuhusu.

Inafanyaje kazi?

Kazi yenyewe ina hatua nne:

1. Mwalimu hutunga maswali na kuyaweka katika ghala linaloitwa benki ya maswali. Kila swali huwekwa pamoja na jibu lake na alama zake.

2. Siku ya mtihani programu huteua maswali kutoka kwenye benki, na ikiamriwa, huyachanganya pamoja na majibu yake. Ndiyo maana jibu lililo A kwako ni C kwa jirani yako, na kuchungulia hakukufai kitu.

3. Mwanafunzi akijibu, programu hulilinganisha jibu lake na lile aliloliweka mwalimu. Yakilingana, hutoa alama. Yasipolingana, hutoa sifuri.

4. Mwishoni programu hutoa taarifa: nani amepata ngapi, na kila swali limekoswa na wangapi.

Tazameni vizuri hatua ya tatu. Kompyuta hulinganisha tu. Haifikiri, wala haimwonei mtu wala haimpendelei. Lakini ikiwa imepewa jibu bovu, italisimamia jibu hilo bovu mbele ya wanafunzi wote, na itafanya hivyo bila ya kusita.

Kosa letu wenyewe

Sisi wa chumba cha kompyuta tulilipata somo hili kwa kukosea. Tulitunga zoezi la msamiati wa Kiarabu, na swali moja lilimtaka mwanafunzi aandike neno "kalamu". Katika jibu letu tuliliandika neno hilo pamoja na irabu zake zote. Wanafunzi wakaliandika kama linavyoandikwa vitabuni na magazetini, bila ya irabu. Darasa zima likapata sifuri katika swali lile, isipokuwa mmoja. Kwa kompyuta, kila irabu ya Kiarabu ni herufi inayojitegemea, basi maneno hayo mawili kwake ni tofauti.

Wanafunzi wengi waliondoka kimya, wakidhani wamekosa. Mmoja tu, tena mdogo, ndiye aliyekuja kutuambia: "Ustadhi, mimi nina hakika nimeandika sawa." Tukatazama, tukaona kosa ni letu. Tuliongeza jibu la pili, tukawarudishia wote alama zao. Tunajiuliza mpaka leo: kama yule asingekuja, ingekuwaje?

Kosa likiwa kubwa zaidi

Zoezi letu lilikuwa dogo. Huko Nijeria, mtihani wa kuingia vyuo vikuu husimamiwa na bodi iitwayo JAMB, na tangu mwaka 2015 hufanywa wote kwa kompyuta. Mwaka 2025 watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.9. Matokeo yalipotoka, zaidi ya milioni 1.5 walikuwa wamepata chini ya alama 200 kati ya 400, na malalamiko yakawa mengi. Bodi ikachunguza, ikagundua kwamba baadhi ya seva hazikuwekewa marekebisho ya programu yaliyotakiwa, kwa hiyo majibu ya watahiniwa katika vituo 157, vya Lagos na majimbo matano ya kusini-mashariki, hayakusahihishwa ipasavyo. Mwezi Mei mwaka huo mkuu wa bodi, Profesa Ishaq Oloyede, alisimama mbele ya waandishi wa habari, akakiri kosa, akaomba radhi huku akilia. Watahiniwa wapatao 380,000 wakapewa nafasi ya kurudia.

Kilichowasaidia vijana wale ni kwamba watu walihoji, na wenye dhamana wakakubali kuchunguza na kukiri.

Je, kubahatisha kunafaa?

Wapo wanaodhani kwamba maswali ya kuchagua ni ya bahati nasibu. Tufanye hesabu. Mtihani una maswali 20, kila moja lina majibu manne. Anayebahatisha yote atapata kama 5, yaani asilimia 25, na hizo hazimvushi popote. Na mwalimu anaweza kuiamuru programu ikate theluthi moja ya alama kwa kila kosa. Hapo huyo aliyepata 5 amekosa 15, na theluthi ya 15 ni 5. Anabaki na sifuri. Kwa hiyo kabla ya kuanza, soma maelezo ujue kama makosa yanakatwa.

Isiyoyaweza

Kompyuta ya chumba chetu haiwezi kusikiliza usomaji wako ikakuambia kwamba herufi umeitoa pasipo mahali pake. Hiyo ni kazi ya mwalimu aliyekaa mbele yako. Wala haiwezi kuipima insha kama anavyoipima mtu aliyekufundisha. Ichukueni kama mizani ya dukani: hupima haraka, lakini lazima mtu aikague mara kwa mara.

Nasaha zetu

Ndugu wanafunzi, mtihani ni amana ya pande mbili. Kwenu ninyi, amana ni kujibu kwa mliyoyasoma, na kutompa mwenzako neno lako la siri. Kwetu sisi tunaotunga, amana ni kulijibu kila swali wenyewe kabla ya kuwapa, na kuisoma taarifa baada ya mtihani. Tukiona swali limekoswa na wale wanaofanya vizuri kila siku, tulishuku swali kwanza kabla ya kuwashuku wao.

Na ukiwa na hakika kwamba umeonewa, usiondoke kimya. Njoo kwa adabu, utaje namba ya swali na jibu uliloliandika. Tutalifungua pamoja na kulitazama. Ukiwa umekosa wewe, utakuwa umejifunza. Tukiwa tumekosa sisi, utakuwa umewasaidia wenzako wote.

Wabillahi tawfiq.