Jasiri, Mkaidi au Mzembe?

Tarehe 25 Agosti 1872, David Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, kuelekea kusini. Stanley alikwisha kumsihi arejee Uingereza, na maradhi ya kuhara damu yalikuwa yamemsumbua mara kwa mara. Alifariki Mei 1873.

Tumwite nani? Mzembe haitazami hatari; Livingstone aliijua. Jasiri huiona, akaikabili kwa ajili ya jambo analolithamini. Mkaidi huonywa, akapuuza. Pengine yeye alikuwa jasiri na mkaidi kwa pamoja.

Zahanatini, maneno hayo huamua tiba. Mgonjwa aliyekatiza dawa kwa kukosa nauli hakuchagua hatari. Akishaandikwa “mzembe” katika jalada lake, atakaribishwa kwa karipio, na habari ya nauli haitaulizwa.