Mfumo huria, faili lenye kufuli

Kila mwanzo wa mwezi vituo vya afya vya Sandoa, katika jimbo la Lualaba, kama vile vya zone nyingine za afya nchini Kongo, hupeleka fomu zao kwenye ofisi kuu ya zone: wagonjwa wangapi wa malaria wametibiwa, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, watoto wangapi wamepata chanjo. Mhusika wa takwimu huziingiza katika DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya imeutumia kukusanya takwimu za nchi tangu katikati ya miaka ya 2010. DHIS2 ni programu huria. Inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na hakuna anayedaiwa ada ya leseni. Ukiishia hapo utadhani mfanyakazi wa afya wa Sandoa hafungwi na kampuni yoyote.

Lakini DHIS2 ni sehemu tu ya kazi yake. Kompyuta inatumia Windows. Mradi mmoja wa msaada unadai orodha ya dawa katika faili lake la Excel, mradi mwingine unadai hesabu za mafunzo katika faili lake, na barua kwa wakubwa huandikwa kwa Word kwa sababu za wakubwa nazo huja hivyo. Wapo wengi katika kazi hii wanaoipenda LibreOffice, programu huria ya ofisi, kwa kuwa ni ya bure na haisumbui kwenye mashine kuukuu. Wanaitumia kwa mambo yao wenyewe. Wakati wa ripoti ukifika, wanarudi kwenye Excel.

Watu husema hao ni wavivu wa kubadilika, au wameshazoea nakala za wizi za programu za kulipia. Sikubaliani nao. Aliyebanwa hakujibana mwenyewe: kufuli limo ndani ya faili, na ufunguo anao yule aliyelituma.

Faili la namna hiyo si jedwali tupu. Ndani yake mna vipande vya programu viitwavyo makro, vilivyoandikwa kwa VBA, lugha ya Microsoft. Hivyo ndivyo vinavyoleta orodha ya vituo, vinavyokataa tarehe isiyofaa na vinavyokusanya jumla mwishoni. Muundo wa xlsx ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, kwa hiyo LibreOffice inalisoma jedwali bila shida kubwa. Kiwango hicho kinahusu jedwali, hakihusu makro. LibreOffice huendesha baadhi ya makro na kushindwa nyingine: unabonyeza kitufe, hakiitiki. Hatari zaidi ni kile kinachoitika nusu na kukupa jumla isiyo kamili, nawe hujui. Hapo mtu mwenye busara hurudi kwenye Excel, hata kama haipendi, kwa sababu takwimu za wagonjwa si za kubahatisha.

DHIS yenyewe iliwahi kunaswa hivyo. Toleo lake la kwanza lilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokwisha na wilaya zikahitaji njia moja ya kuhesabu wagonjwa. Programu ilitolewa bure, ila ilijengwa juu ya Microsoft Access. Kila aliyeipokea alilazimika kuwa na Windows na Office kwanza. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2004 watengenezaji wake waliiandika upya kwa lugha ya Java, ili itumike kwa kivinjari chochote, juu ya mashine yoyote. Jimbo la Kerala, India, lilianza nayo mwaka 2006, na kufikia 2011 Kenya ilikuwa imeisambaza nchi nzima kupitia intaneti. Bila kazi ile ya kuandika upya, sidhani kama mfumo huo ungefika Sandoa.

Kwa upande wa ramani mambo yalikwenda vizuri zaidi, na inafaa kuelewa kwa nini. Ramani za zone za afya huchorwa na wengine kwa ArcGIS, programu ya kulipia ya kampuni ya Esri, na wengine kwa QGIS, ambayo ni huria na ilianza mwaka 2002. Faili la shapefile lililotoka kwa mmoja hufunguka kwa mwingine. Sababu ni kwamba mwaka 1998 Esri yenyewe ilichapisha maelezo ya jinsi faili hilo linavyopangwa ndani. Tangu hapo mchora ramani hahitaji kumuuliza mwenzake anatumia programu gani.

Kubanwa kuna gharama nyingine, na mbali na mji huuma zaidi. Microsoft 365 ya ofisi hutaka kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila siku 30 ili ihakiki leseni. Ikikosa, utaweza kusoma na kuchapa karatasi, lakini hutaweza kuhariri. Sheria hiyo ilitungwa na watu wasiojua masika ya Lualaba, wakati mtandao unakatika na barabara ya kwenda Kolwezi, mji mkuu wa jimbo, inageuka tope. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazinacho. Kompyuta ingali nzima, lakini imeachwa bila ulinzi. Hapo ndipo nakala za wizi na virusi vyake hupata nafasi.

Wala mfumo wa kulipia haumaanishi usalama wa takwimu. Oktoba 2020 Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona walikuwa hawajaingizwa katika hesabu kwa wakati. Orodha zilikuwa zimepitishwa katika muundo wa zamani wa Excel, usiobeba zaidi ya mistari 65,536. Kilichozidi kiliachwa nje.

Kijana wa Kolwezi ana sababu yake ya kujifunza programu za kulipia: migodi ya shaba ndiyo yenye ajira, na migodi mingi duniani hupanga kazi yake kwa programu kama AutoCAD na Surpac. Simlaumu. Wala kutafsiri programu huria kwa Kiswahili peke yake hakukutosha kufungua kufuli hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya kujivunia. Hata hivyo ofisi ziliendelea kutumiana Word.

Kwa hiyo ninalowaomba Divisheni ya Afya ya Lualaba na mashirika yanayoisaidia si kufuta Excel kesho. Kabla ya kutia sahihi mradi wowote, andikeni katika mkataba kwamba takwimu zitatoka zote katika muundo ulio wazi, CSV au ODF. Kwamba fomu haitategemea makro. Na kwamba neno la siri la kila faili, yaani ufunguo wake, litabaki katika ofisi ya zone. Kazi ya kukagua tarehe na kujumlisha DHIS2 inaiweza tayari, tena kwa leseni ya bure. Nawe uliye kwenye meza ile Sandoa, Dilolo au Kapanga, ukishatuma ripoti ya mwezi, hifadhi nakala ya pili ya CSV mahali pako. Mradi utakapofungwa na leseni kuisha, hiyo ndiyo nakala utakayoweza kuifungua.