Tundu la bolti likichakaa, usililazimishe

KOILI inayopeleka umeme kwenye plagi ya gari hushikiliwa na bolti moja ndogo, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10. Bolti yenyewe ni ya chuma, ilhali katika injini nyingi tundu lake limechongwa kwenye aluminiamu, ambayo ni laini. Fundi anayebadilisha koili akiikaza kupita kiasi, hesi za tundu hukatika na bolti ikawa inazunguka tu.

Wapo wanaoshindilia bolti nene zaidi, au kupaka gundi. Huko ni kuahirisha tatizo. Bolti nene yaweza kupasua ukingo wa tundu; na koili ikilegea, injini huanza kukatakata, petroli isiyoungua ikaishia kwenye ekzosi na kuharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho bei yake haina mzaha.

Dawa ni kutia hesi mpya. Kwa bolti ya milimita 6, tundu hupanuliwa kwa keekee ya milimita 6.3, hukatwa hesi upya, kisha springi ya chuma kisichoshika kutu hupenyezwa ndani. Bolti ileile hurudishwa, na hushika imara kuliko awali.

Hatari imo katika kutoboa. Plagi isitolewe, na shimo lake lizibwe kwa kitambaa. Keekee ipakwe grisi ili inase chembe za aluminiamu, wala isipite kina cha tundu la kwanza, kwani chini yake kuna oili ya injini.