Sinema za Zombi Zenye Kuchekesha

Kaka zetu waliosoma hapa zamani wamesikia ya kuwa sisi vijana twapenda sinema za kuchekesha zenye maiti wanaotembea, nao wamestaajabu. Wauliza: je, katika nchi yetu hii yafaa mtu acheke mbele ya maiti? Swali lao ni la haki. Kila mwaka, tangu tarehe 7 Aprili, twaingia katika juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na katika juma hilo burudani husimama. Kwa hiyo nataka kueleza sinema hizo ni kitu gani, na katika zile zijulikanazo ni ipi iliyo bora.

Kwanza, zombi si mzimu. Wazee wetu wa Rwanda waliwajua abazimu, yaani roho za jamaa waliokufa. Hao walikuwa na majina na ukoo, nao walitambikiwa. Zombi hana jina wala ukoo. Asili yake ni Haiti, ambako watumwa waliotolewa Afrika walilimishwa miwa chini ya Wafaransa. Watu wa huko hawakuogopa kuliwa na zombi. Waliogopa kugeuzwa zombi, maana yake kufa na bado kufanyishwa kazi. Tanzania wana neno lililo karibu sana na hilo: msukule, mtu adhaniwaye amekufa, kumbe, kama wasemavyo, mchawi amemficha ili amtumikishe.

Mwaka 1968 Mmarekani George A. Romero alitoa sinema iitwayo Night of the Living Dead, akambadilisha kiumbe huyo. Tangu hapo zombi hana bwana. Hula watu, huenda polepole akipepesuka, wala haangamii mpaka apigwe kichwani. Nadhani hapo ndipo kicheko kilipopata mlango, kwa sababu adui apepesukaye kama mlevi, ambaye waweza kumkimbia kwa kutembea tu, ni vigumu kumwogopa muda mrefu.

Hapa Kigali twacheka hata katika sinema ambazo hazikukusudiwa kuchekesha, kwa ajili ya wasimuliaji wa agasobanuye. Hao hufasiri picha za kigeni kwa Kinyarwanda huku zikiendelea, na kutia chumvi yao wenyewe. Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo. Lakini sifa hiyo ni ya msimuliaji, nami nalinganisha sinema zenyewe.

Wenzangu wengi husifu Zombieland ya mwaka 2009, ambamo Woody Harrelson na wenzake wasafiri katika Marekani iliyojaa mazombi. Yachekesha, sikatai. Ila humo kuua kumefanywa mchezo wa kushindana nani aue kwa ufundi zaidi, na baada ya nusu saa mimi huchoka.

One Cut of the Dead, ya Mjapani Shin'ichirō Ueda, ilitoka mwaka 2017. Yasemekana iligharimu yen milioni 3 hivi, fedha kidogo mno kwa kazi ya sinema. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa mfululizo pasipo kukatwa, na mtazamaji aweza kudhani ni kazi ya watu wasiojua. Msiondoke! Sababu za makosa yote yale zaelezwa baadaye, na hapo ndipo mbavu huuma. Chama cha michezo ya kuigiza kingefaidika sana kwa kuitazama.

Little Monsters ya mwaka 2019, iliyotengenezwa Australia, yatuhusu zaidi kwa kuwa mhusika mkuu ni Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Yeye ni mwalimu aliyewapeleka watoto wadogo kutembelea shamba, mara mazombi wakatokea. Awaambia watoto kwamba ni mchezo tu, awaimbia kwa gitaa dogo, huku yeye mwenyewe akipigana. Hapa kicheko ni ngao ya watoto. Ni kosa kwamba lugha ya sinema yenyewe ni chafu, hata haiwezekani kuwaonyesha watoto wa umri ule ule.

Lakini mimi naiweka mbele Shaun of the Dead, ya Mwingereza Edgar Wright, iliyotoka mwaka 2004. Asubuhi moja Shaun, mwuzaji wa dukani mjini London, aenda kununua kinywaji. Ateleza juu ya damu, apishana na wafu njiani, wala haoni lolote, kwa maana majirani zake siku zote walitembea hivyo hivyo. Hapo anayechekwa ni mtu hai aliyelala huku macho yake yako wazi. Baadaye mama yake aumwa na zombi, naye aficha jeraha asije akamsumbua mtu. Afapo na kuinuka tena, ni Shaun mwenyewe apasaye kumpiga risasi, na sinema yaacha kabisa kuchekesha. Tulipoionyesha, hata wale wa viti vya nyuma, ambao hawanyamazi kwa lolote, walinyamaza. Kaka zetu walioniuliza ningewaanzia na hiyo, na kuwaomba wakae kitini mpaka hapo.