Usibandike utamaduni kama kiraka: Funzo la sweta za Laduma

Chini ya kitanda changu pale Umoja kuna fulana 31. Nilichapisha 40 mwaka ule nilioacha chuo baada ya karo kukosekana, nikajiambia sasa mimi ni dizaina. Kila fulana ina ngao ya Kimaasai kifuani na neno 'Afrika' chini yake. Niliuza tisa tu. Nne kati ya hizo zilinunuliwa na binamu zangu, na mmoja bado hajalipa.

Kama umewahi kujaribu hii hustla, si unajua vile huenda? Unachukua ngao, mkuki ama kipande cha kitenge, unakibandika kwenye hudi, unapiga picha kwa ukuta wenye grafiti, halafu unangoja watu waulize bei. Kimya. Mwishowe unaanza kulaumu Wakenya eti hawapendi vya kwao, kazi yao ni kukimbilia mitumba ya Gikomba.

Mimi pia nililaumu hivyo, tena kwa sauti. Kisha nikaanza kufuatilia kazi ya jamaa mmoja wa Afrika Kusini anayeitwa Laduma Ngxokolo, mwenye chapa ya MaXhosa. Nikaona kosa langu lilianza kabla hata sijamlipa mchapishaji.

Nguo ya mwanamume mpya

Laduma alizaliwa mwaka wa 1986 huko Port Elizabeth, mji ambao siku hizi unaitwa Gqeberha. Ni Mxhosa, jamii aliyotoka Nelson Mandela. Kwa Waxhosa, kijana anayepashwa tohara hukaa jandoni mbali na nyumbani, na akirudi anahesabiwa mwanamume. Mavazi ya utotoni anaachana nayo. Kwa takriban miezi sita anavaa nguo mpya na nadhifu, ili kila anayekutana naye njiani ajue huyu si mtoto tena. Kijana wa hali hiyo huitwa ikrwala.

Sasa ona tatizo lilipo. Nguo ambazo wazazi walikuwa wakiwanunulia vijana hao zilikuwa sweta na jaketi za chapa za kizungu, tena za bei kali. Laduma mwenyewe alipitia jando, na jambo hilo likamkwaruza. Jamii inamwambia kijana, leo umekuwa mwanamume wa Kixhosa, halafu siku hiyo hiyo inamvisha michoro ya watu wa mbali. Mbona hivyo?

Kijana huyu alikuwa amefunzwa na mamake kufuma kwa mashine. Alipofika Chuo Kikuu cha Nelson Mandela Metropolitan kusomea ubunifu wa vitambaa, aligeuza swali lile kuwa mradi wake wa masomo: ikrwala avae nini?

Jibu lake lilikuwa sweta. Michoro aliitoa kwenye ushanga wa Kixhosa, ile ya pembe kali na mistari ya kupinda yenye rangi zinazoruka machoni. Nyuzi zilikuwa mohair, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, pamoja na sufu ya kondoo wa merino. Hata hapo hakwenda mbali. Afrika Kusini hutoa karibu nusu ya mohair yote duniani, na mkoa wa nyumbani kwao, Eastern Cape, ndio kitovu cha biashara hiyo. Kwa hivyo hitaji lilikuwa la kwao, mchoro wa kwao, na mbuzi pia wa kwao.

Mwaka wa 2010 alituzwa London katika shindano la kimataifa la wanafunzi. Baadaye alisomea shahada ya uzamili katika chuo cha Central Saint Martins, na mwaka wa 2017 kazi yake ikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la MoMA jijini New York.

Mchoro huja mwisho

Hapa ndipo nilipofungua macho. Ushanga kwa Waxhosa haukuwa pambo tu. Ulikuwa ukieleza habari za mvaaji: rika lake na hadhi yake, na kama ameoa au ameolewa. Sweta ya ikrwala nayo inaeleza habari za mvaaji. Laduma hakuchukua tu umbo la ushanga. Alichukua kazi yake, akaihamishia kwa nguo ambayo kijana wa leo anaweza kuvaa akienda mjini bila kuonekana kama amevalia mchezo wa kuigiza.

Linganisha na fulana zangu. Mimi si Mmaasai. Sikumuuliza Mmaasai yeyote ile rangi na ile alama kwenye ngao humaanisha nini. Sikujua nguo ile ni ya nani wala ya siku gani. Nilianza na mchoro, nikamaliza na mchoro. Mnunuzi si mjinga, aliliona hilo haraka kuniliko.

Na usidhani hitaji kama lile la Laduma liko mbali nasi. Kila Desemba, huko Kati na hapa Nairobi, maelfu ya wavulana hupelekwa hospitalini kutahiriwa, wakipona wananunuliwa nguo mpya. Wabukusu huwa na msimu wao Agosti ya mwaka shufwa. Wewe ulivaa nini ulipotoka? Mimi nilivaa jezi ya timu ya Uingereza. Feki, nembo ilibanduka wiki ya pili. Picha bado iko kwa ukuta wa mamangu.

Nilipoenda kumtembelea shosho kule Murang'a, nilimuuliza maana ya mistari ya kiondo chake. Nilitaka hadithi tamu ya kuweka mtandaoni. Yeye akaniuliza kwanza kama najua kilikuwa kikibeba nini. Akanionyesha jinsi ukanda ulivyopitishwa kwenye paji la uso, kiondo kikakaa mgongoni, na mikono ikabaki huru kufanya kazi nyingine. Akanieleza kwamba mkonge ukisokotwa vibaya, chakula kinamwagika njiani, na hapo hakuna atakayesifu rangi. Mistari tuliizungumzia mwisho kabisa, chai ikiwa imepoa.

Usiimbe sifa tu

Nisikudanganye kwamba mambo yote ya Laduma ni asali. MaXhosa leo ni chapa ya kifahari, na kijana wa kawaida anayetoka jandoni huenda akaishia kuitazama dirishani. Nguo iliyozaliwa kwa sababu wazazi walikuwa wakilipia chapa ghali za kigeni, nayo imekuwa ghali. Hilo ni swali ambalo wewe na mimi tunaweza kulijibu huku mtaani, kwa bei ya mtaani.

Kuna pia suala la wizi. Mwaka wa 2018 MaXhosa ililalamika kwamba Zara ilikuwa ikiuza soksi zenye mchoro wake, na kampuni inayomiliki Zara ikaziondoa sokoni. Sisi wenyewe tuliwahi kushtuliwa pale kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili jina 'kikoy' kama alama yake ya biashara. Ombi hilo likapingwa, likakwama. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na ofisi ya KIPI husajili miundo mipya. Ukibuni kitu chako, fika huko kabla hujakirusha mtandaoni.

Lakini sheria hiyo inakata pande zote mbili. Ukichukua mchoro wa jamii nyingine bila kuuliza, kama nilivyofanya na ngao, wewe ndiye unayelalamikiwa.

Kwa sasa sina bidhaa mpya ya kukuuzia. Nina daftari. Jana jioni niliketi na wasee wa bodaboda pale steji, nikawauliza wanabeba vipi simu, chaja na chenji mvua ikinyesha huku mikono yote iko kwa usukani. Mmoja alinionyesha karatasi ya nailoni aliyoifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikakumbuka ule ukanda wa shosho, nikaandika.

Kwa hivyo kabla hujafungua simu kutafuta 'michoro ya Kiafrika', mpigie nyanya yako. Muulize kitu fulani pale nyumbani kilikuwa kikifanya kazi gani, nani alikitumia, na kwa nini kikaachwa. Beba salio la kutosha, maana simu itakuwa ndefu.

Na ukihitaji fulana ya ngao, ninazo 31. Saizi zote.