Gavana Amebanduliwa, Mbegu Je?

Mnamo Januari 2014 Bunge la Kaunti ya Embu lilipiga kura ya kumbandua Gavana Martin Wambora, na mwezi uliofuata Seneti ikaafiki. Alikuwa gavana wa kwanza nchini Kenya kufikwa na hayo. Miongoni mwa tuhuma zilizomkabili ni namna kaunti ilivyonunua mbegu za mahindi na ilivyokarabati uwanja wa michezo wa Embu. Akabanduliwa tena mwaka uo huo, kesi zikarundikana, mahakama zikamrejesha, akashinda uchaguzi wa 2017 na kuongoza hadi 2022. Mkulima aliyetaka kujua fedha za mbegu zilikwendaje alijikuta akisikiliza mabishano ya nani akalie kiti. Kubandua huuliza jambo moja tu: huyu abaki au aende? Dawa katika zahanati, maji, barabara ya kufikisha maziwa sokoni, hayo hayajibiwi kwa kura ya ndiyo au la.

Kaunti ya Meru ilikwenda njia hiyo mara tatu. Desemba 2022 wawakilishi wadi walimbandua Gavana Kawira Mwangaza, na kamati maalumu ya Seneti ikasema tuhuma hazikuthibitishwa. Oktoba 2023 wakarudia, maseneta wakazikataa tuhuma zote saba. Ni jaribio la Agosti 2024 tu lililopita Seneti, na hata hapo amri za mahakama zilimweka ofisini hadi Machi 2025, Mahakama Kuu ilipoidhinisha uamuzi huo na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Karibu nusu ya muhula mzima ilimezwa na vuta nikuvute.

Silaha nyepesi zaidi ipo, na ina makali. Kifungu cha 195 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au habari, kwa nguvu sawa na za Mahakama Kuu. Waziri wa kaunti anayehusika na afya hana hiari ya kukwepa kamati. Katika serikali ya kitaifa, mawaziri waliacha kuwa wabunge mwaka 2013 na wakawa wanajibu mbele ya kamati. Kanuni zilipobadilishwa mwaka 2023 wakaanza kufika ukumbini kujibu maswali. Mbunge kutoka Igembe, huko Meru, anayelilia soko la miraa, lile la Somalia lililofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, mlango wake ni huo. Zahanati ni ya mwakilishi wadi. Wananchi wengi hubisha mlango usio wao, na wanasiasa hawana haraka ya kuwaelekeza.

Wapo watakaosema mawaziri hujibu kwa maneno matamu kisha wakatoweka. Ni kweli, lakini ahadi iliyoingia kwenye Hansadi ina tarehe, na kamati inaweza kumrudisha aliyeitoa aeleze kilichotendeka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwakilishi wadi anayetegemea gavana apate miradi ya wadi yake huogopa kuuliza. Woga huo ni halisi. Hata hivyo, anayenyamaza mpaka ugomvi uive hufika Seneti na hasira nyingi na nyaraka chache, ilhali maswali ya miezi yaliyojibiwa vibaya, au kutojibiwa kabisa, yangekuwa ushahidi tayari. Tena bunge halihitaji kumsubiri mwoga: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake.